Buji za nyuma: kazi inayoachwa nusu, na namna ya kuimaliza

SHITURU (Likasi) – Asubuhi motokari inaingia kwa fundi, moteri inatetemeka. Saa sita inatoka, inatembea afadhali kidogo, mwenyewe analipa na kwenda. Wiki mbili zikipita, kutetemeka kunarudia. Anarudi kwa fundi, anaambiwa buji zilishabadilishwa, sasa shida ni bobini. Bobini inanunuliwa. Halafu filtri. Halafu pompi ya esansi. Falanga inaisha, ugonjwa unabaki.

Mara mingi ugonjwa huo una jibu moja, tena rahisi: buji zilizobadilishwa ni zile tu zinazoonekana kapo ikifunguliwa. Zile zilizofichwa nyuma ya moteri hazikuguswa hata siku moja.

Kwa mtu wa Shituru anayeishi na motokari yake, anayepeleka bidhaa Lubumbashi karibu kilomita 120, ama Kolwezi karibu kilomita 180, hiyo si jambo ndogo. Moteri inayoruka silendri moja inakula esansi bure, inakosa nguvu ya kupita kamyo, na inaweza kumwacha mtu kwenye barabara ya taifa namba 1, kati ya kamyo za madini, usiku. Njo maana inafaa kujua buji hizo ziko wapi, kwa nini ni ngumu kuzifikia, na kazi ya kuzibadilisha inafanywa namna gani ili isiharibu kitu kingine.

Buji gani?

Kwanza neno lenyewe. Huku kwetu neno buji lina kazi tatu. Kuna buji ya kuwasha nyumbani kurant ikikatika, yaani mshumaa. Kuna buji ya moteri ya mazutu, kama zile za Hiace nyingi za zamani: hiyo haitoi cheche, inapasha tu moto ndani ya silendri ili moteri iwake asubuhi ya baridi. Na kuna buji ya moteri ya esansi, ile inayotoa cheche. Habari hii ni juu ya hiyo ya tatu.

Kazi yake ni moja: kuwasha mchanganyiko wa hewa na esansi ndani ya silendri, kwa saa yake kamili. Moteri ikizunguka mara 3 000 kwa dakika, kila buji inapiga cheche mara 25 kwa sekunde moja. Bobini inachukua volti 12 za batri na kuzipandisha kupita volti 20 000, ili umeme uweze kuruka nafasi ndogo iliyoko kwenye ncha ya buji. Nafasi hiyo kwa kawaida ni kati ya milimita 0,8 na 1,1.

Kila cheche inakula kipande kidogo sana cha chuma cha ncha. Kidogo-kidogo nafasi inapanuka. Nafasi ikipanuka, bobini inalazimishwa kutoa umeme wenye nguvu zaidi ili uruke. Siku moja haiwezi tena, cheche inakosekana, moteri inaruka. Ama bobini yenyewe inaungua kwa sababu ya kujikaza kila siku. Hapo njo inaeleweka kwa nini bobini mpya ikiwekwa juu ya buji ya zamani inaweza kufa tena: iliyoiua ya kwanza bado iko pale chini.

Jambo moja litawafurahisha watu wa Likasi, mji uliolelewa na shaba: katikati ya buji nyingi mna shaba. Ncha ya nje ni nikeli, ama platini, ama iridiamu, kwa sababu hizo zinavumilia moto na cheche. Lakini ndani ya ule mti wa katikati wanatia shaba, kwa kuwa shaba inapitisha joto haraka na kulitoa kwenye ncha kabla haijayeyuka.

Kwa nini zingine zimefichwa

Kwa Corolla ya silendri nne, buji zote ziko juu, wazi. Dakika kumi na tano, nusu saa, kazi imekwisha. Shida inaanza kwa motokari za namna nyingine, na hizo ni nyingi katika majimbo ya mashariki.

Mfano wa kwanza ni Toyota Harrier ya moteri ya V6 ya lita 3, ile inayoitwa 1MZ-FE. Harrier ilianza kutoka Japani mwisho wa mwaka wa 1997, na moteri hiyo hiyo ilitiwa pia ndani ya Estima, Kluger na Camry fulani. Ina silendri sita, tatu mbele na tatu nyuma, na imewekwa kwa ubavu. Silendri tatu za nyuma zinatazama ule ukuta wa chuma unaotenganisha moteri na watu. Juu yake imelala kolekteri ya hewa, lile dude kubwa la aluminiamu linalogawa hewa kwa silendri zote. Mtu akifungua kapo, anaona buji tatu tu. Zile zingine tatu anapaswa kuzitafuta kwa vidole.

Mfano wa pili ni TownAce Noah na LiteAce Noah za miaka ya 1996 hadi 2001, pamoja na Hiace za esansi. Hapo moteri iko chini ya viti vya mbele. Akifungua kapo ya mbele, mtu hakuti moteri. Ni lazima kuinua viti na kifuniko chake, kisha kufanya kazi kwa kuinama, mkono ukipita kati ya vyuma.

Mfano wa tatu ni Subaru. Silendri zake zimelala, mbili kushoto na mbili kulia, na buji zinatazama mbavu za motokari. Nafasi ya kuingiza kle ni ndogo sana, na mara nyingine batri na sanduku la filtri ya hewa vinapaswa kutoka kwanza.

Sasa, mainjinia walikosea? Hapana. Walitaka moteri yenye nguvu iingie ndani ya nafasi ndogo ili watu wakae vizuri. Na kwa moteri kama V6 hiyo, walitegemea buji za platini ama iridiamu zinazoweza kufika hata kilomita 100 000. Kwa hesabu yao, kazi hiyo ngumu ingefanywa mara moja ama mara mbili katika maisha yote ya motokari, ndani ya garaje yenye vyombo vyote.

Lakini motokari inapofika Likasi kwa njia ya Dar es Salaam, Zambia na Kasumbalesa, ama inapofika Bukavu na Goma kwa njia zingine za mashariki, kilomita hizo 100 000 zilikwisha zamani. Mwenyewe ni wa pili, wa tatu, ama wa nne. Hajui nani aligusa nini. Kwa hiyo, mtu akinunua V6 ya okazo, afadhali ahesabu kwamba buji za nyuma ni za zamani mpaka aone kwa macho yake kwamba si hivyo.

Alama za buji iliyochoka

Moteri inatetemeka ikiwa ralanti, lakini ikipata mwendo inatulia kidogo. Inakawia kuwaka asubuhi. Inakosa nguvu kwenye mlima, hasa ikiwa na mzigo. Esansi inaisha haraka kuliko zamani. Kwenye eshapema kunasikika mlio wa kukatakata, na harufu ya esansi ambayo haikuungua.

Kama motokari ina nafasi ya kuchomeka skaneri, kuna njia ya kujua ni silendri gani. Kodi P0300 inasema moteri inaruka bila kutaja mahali. Kodi P0301 mpaka P0306 zinataja silendri kwa namba yake. Kwenye 1MZ-FE, silendri za nyuma, upande wa watu, ni 1, 3 na 5. Za mbele ni 2, 4 na 6. Kwa hiyo skaneri ikionyesha P0301, P0303 ama P0305, shida iko upande ule uliofichwa, na kubadilisha buji za mbele hakutasaidia kitu.

Taa ya moteri kwenye dashibodi nayo ina lugha yake. Kwa motokari zenye mfumo huo wa kodi, taa ikiwaka na kutulia, ni onyo. Ikianza kuwaka na kuzimika kwa haraka wakati moteri inaruka, maana yake esansi isiyoungua inaingia ndani ya eshapema na kuunguza katalizeri. Hapo dereva apunguze mwendo na asipakie mzigo mpaka ifunguliwe, kwa sababu bei ya katalizeri haina kulinganisha na bei ya buji sita.

Kabla ya kushika kle

Moteri iwe baridi kabisa. Si vuguvugu, ni baridi. Sehemu ya juu ya moteri, ile mafundi wanaita kulasi, kwa motokari nyingi ni ya aluminiamu, na buji ni ya chuma kigumu. Ukilazimisha buji kutoka wakati aluminiamu ingali na moto, uzi unaofungia buji, ile mafundi wanaita padevi, unaweza kutoka pamoja nayo. Motokari ilale kwa fundi usiku, ama iletwe asubuhi mapema na kungojea saa kadhaa.

Batri ichomolewe upande wa hasi. Asiwepo mtu wa kuvuta sigara karibu.

Kisha vumbi. Katika Shituru, majira ya kiangazi, kamyo zikipita, vumbi jekundu linaingia kila mahali, na mashimo ya buji njo mahali linapopenda kulala. Buji ikitolewa bila kusafisha, mchanga wote ulioizunguka unaanguka ndani ya silendri. Punje moja ya mchanga inatosha kukwaruza ukuta wa silendri ama kuzuia klape isifunge vizuri. Kwa hiyo, kabla ya kufungua, shimo lipulizwe. Kompreseri ya kwado, yule wa kushona pneu, inafanya kazi hiyo vizuri. Kama haipo, pompi ya kinga, yaani ya baiskeli, yenye kipande cha tiyo nyembamba inasaidia. Fundi afumbe macho ama avae miwani. Njia nzuri zaidi: kulegeza buji robo ya mzunguko, kupuliza tena, kisha kuitoa yote.

Vyombo vya lazima ni hivi: duyi ya buji yenye mpira ama sumaku ndani, ili buji isianguke, ralonji mbili, fupi na ndefu, kardani, ile kiungo kinachojipinda, klike, taa ndogo, na kioo kidogo cha kutazama nyuma. Buji nyingi za Toyota za miaka hiyo zinataka duyi ya milimita 16. Za zamani zaidi zinataka 21. Duyi isiyo na mpira ndani ni hatari: buji inaweza kuangukia shimoni, na ule udongo mweupe wa seramiki unapasuka. Ufa wake unaweza kuwa mwembamba kiasi cha kutoonekana, lakini cheche itapita humo na moteri itaruka na buji mpya.

Njia mbili za kufika nyuma

Kwa Harrier na ndugu zake za V6, kuna njia mbili.

Ya kwanza ni ya kuondoa kolekteri ya hewa. Fundi anafungua tiyo ya hewa, nyaya, tiyo ndogo za vakyumu, kisha bulo za kolekteri, na kuiinua. Kila tiyo ipewe alama kabla ya kuchomolewa, ama fundi apige picha kwa telefone. Kolekteri ikitoka, mashimo ya hewa yanabaki wazi, yanatazama juu. Hapo hapo yafunikwe kwa kitambaa safi. Bulo moja ama punje ya mchanga ikianguka humo, moteri inaweza kufa kabisa siku ya kuwaka. Kwenye kurudisha, joan ya kolekteri iwe mpya. Joan ya zamani ikivuta hewa, ralanti itapanda na kushuka, na mwenye motokari atafikiri buji mpya ni mbaya.

Ya pili ni ya kupitisha mkono bila kuondoa kolekteri. Fundi anafungua mikono ya kufuta kioo na ile beseni ya chuma iliyoko chini yake, ili kupata nafasi. Anachomoa bobini kwa vidole, anaunganisha ralonji na kardani palepale ndani ya shimo, kipande kwa kipande, na kufungua kwa kusikia tu. Njia hii inahitaji fundi mwenye mkono mwepesi na subira. Ni nzuri kama anaijua. Kama hajui, afadhali aondoe kolekteri.

Njia zote mbili zinachukua saa mbili, tatu, hata zaidi kama bulo zimeshika kutu. Hiyo njo bei ya kweli ya kazi hii. Si buji, ni saa.

Bobini ama kofia ya mpira ikitolewa, itazamwe. Kama imelowa mafuta ya moteri, maana yake joan ya kifuniko cha juu, ama zile joan za mviringo zinazozunguka mashimo ya buji, zimechoka. Mafuta hayo yanalainisha mpira na kupitisha umeme pembeni. Kwa kuwa kazi ya kufika pale imekwisha kufanywa, hiyo ni siku ya kubadilisha joan hizo pia.

Buji ikigoma kutoka, nguvu si jibu. Fundi airudishe kidogo, atie mafuta ya kulegeza kutu, angojee, halafu ajaribu tena: mbele kidogo, nyuma kidogo.

Kufunga: vidole kwanza

Makosa makubwa yanatokea wakati wa kufunga, wala si wakati wa kufungua. Mahali pasipoonekana, buji inaingia upande. Mtu akitia klike mara moja, hasikii kitu, anakaza, na padevi ya aluminiamu inakatika.

Dawa yake ni kipande cha tiyo ya esansi, urefu wa mkono. Kichwa cha buji kinaingizwa ndani ya tiyo, buji inashushwa shimoni, na fundi anazungusha tiyo kwa vidole. Kama uzi umeingia sawa, buji inashuka bila shida. Kama umeingia upande, tiyo inateleza yenyewe juu ya buji kabla haijaharibu kitu. Chombo hicho kinaweza kutoka kwenye takataka za garaje, lakini kinaokoa kulasi nzima.

Buji ikifika chini kwa vidole, njo klike inaingia. Kwa moteri nyingi za Toyota za esansi, kipimo cha kukaza ni kati ya nyutoni-mita 18 na 25, kwa kle dinamometriki. Kama kle hiyo haipo, buji mpya yenye rondeli inakazwa nusu ya mzunguko, isizidi theluthi mbili, baada ya kugusa chini. Buji yenye rondeli iliyokwisha kutumika inataka kidogo tu, kama sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko. Bulo za pneu zinakazwa kwa mwili wote. Buji inakazwa kwa mkono tu.

Kutia grese kwenye uzi ni desturi ya mafundi wengi. NGK, mojawapo ya watengenezaji wakubwa, inasema buji zake zina rangi ya kinga na hazihitaji grese. Grese inafanya buji iteleze, fundi anadhani haijakaza, anaongeza, na uzi unavutika.

Kama padevi imekwisha kuharibika, haina maana kutia gundi ama waya. Kuna njia ya kukata uzi mpya na kuingiza ndani yake uzi wa chuma. Ni kazi ya ajiste mwenye vyombo, na vipande vya aluminiamu visiachwe ndani ya silendri.

Kununua: okoa saa, si buji

Buji za kawaida za nikeli zinafika kati ya kilomita 20 000 na 30 000. Za platini na iridiamu zinaweza kufika mara tatu ya hapo, hata zaidi. Kwa Corolla, ambayo buji ziko wazi, buji ya bei ndogo ni sawa: inabadilishwa nusu saa. Lakini kwa moteri ambayo buji zimefichwa, kutia buji ya nikeli ni kujiandikia tena kazi ya saa tatu baada ya mwaka ama miezi kadhaa. Hapo buji ya bei kubwa njo rahisi.

Namba ya buji ifuatwe kama ilivyo kwenye kitabu cha motokari ama kwenye karatasi chini ya kapo. Kwa NGK na Denso, namba 11 mwishoni mwa kodi inaonyesha nafasi ya milimita 1,1. Namba ya katikati inaonyesha joto: kwa watengenezaji hao wawili, namba ikipanda, buji ni ya baridi zaidi. Kwa Bosch ni kinyume. Ndiyo sababu kubadilisha jina la buji kwa kutazama namba tu kunaweza kuleta buji isiyofaa.

Buji za bandia zenye majina makubwa zinauzwa sehemu nyingi za dunia, na soko zetu hazikuokoka. Iridiamu ya kweli ina ncha nyembamba, karibu nusu ya milimita, iliyokaa katikati kabisa. Maandishi kwenye seramiki ni safi, hayafutiki kwa kidole. Sita za sanduku moja zinafanana kwa kila kitu. Fundi mwenye multimeta anaweza kupima: buji yenye rezistansi ndani kwa kawaida inaonyesha karibu ohm 5 000. Ikionyesha sifuri ama hakuna kitu, na ni ya aina hiyo ya rezistansi, irudishwe dukani. Ncha ya iridiamu isifinywe wala kugongwa ili kurekebisha nafasi, inavunjika.

Buji za zamani zinasema

Kila buji inayotoka ipangwe juu ya kartoni yenye namba 1 mpaka 6. Rangi yake ni kama karatasi ya labo. Kijivu ama kahawia laini: silendri ni nzima. Nyeusi kavu kama masizi: esansi ni nyingi, ama filtri ya hewa imejaa vumbi, na huku kwetu hilo ni jambo la kila siku. Nyeusi yenye mafuta: mafuta ya moteri yanapita, kwa seguma ama kwa klape. Nyeupe yenye malengelenge: joto limezidi. Nyekundu-nyekundu: mara nyingi ni mabaki ya dawa iliyotiwa ndani ya esansi. Mtu anayeiona hiyo afikirie mahali anaponunua, hasa kama ni bidoni za akina Kadhafi wa kando ya barabara.

Buji tano zikiwa kahawia na moja nyeusi, ugonjwa uko kwenye silendri hiyo moja. Zote zikifanana, ugonjwa ni wa moteri nzima. Hiyo ni diyagnostiki ya bure.

Makubaliano kabla ya kazi

Inabaki swali: kwa nini buji za nyuma zinaachwa? Si kila mara kwa sababu fundi ni mwizi. Mwenye motokari anakuja na haraka, anataka kutembea leo-leo, na anapatana bei ya kubadilisha buji kana kwamba ni Corolla. Fundi anajua kwamba tatu za mbele ni dakika ishirini na tatu za nyuma ni nusu ya siku, na malipo ni yale yale. Hataki kumpoteza mteja, hasemi kitu. Anafanya zinazoonekana. Moteri inapata afadhali kidogo, kila mtu anafurahi kwa wiki mbili.

Kwa hiyo maneno yasemwe mapema. Mwenye motokari aulize: moteri hii ina buji ngapi, na ngapi ziko nyuma? Utapita njia gani kuzifikia? Itachukua saa ngapi? Joan itahitajika? Kisha malipo yapatanwe kwa kazi yote, za mbele na za nyuma mbali-mbali kama inafaa, na motokari iachwe siku nzima bila kumpigia fundi simu kila nusu saa.

Na fundi mwaminifu naye anafaidika na kanuni moja ndogo ambayo inamaliza mashaka yote: buji za zamani zirudishwe kwa mwenyewe, zote, juu ya kartoni yenye namba. Silendri nne, buji nne. Silendri sita, buji sita. Kama mkononi mwa mtu kuna buji tatu na moteri ni V6, asilipe yote kwanza, na asinunue bobini. Aulize tatu zingine ziko wapi.